Pindo la Vidole Vinne

Nilipoweka kalamu chini wiki iliyopita, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na begi begani, na mimi nimeshika ufunguo wake wa nyumba. Nilikuwa nimemnyang'anya. Mtu mzima wa miaka ishirini kasoro miezi miwili, nikamnyang'anya ufunguo kama anayenyang'anywa peremende.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anashika gazeti hili, mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ni kazini, chumba cha nyuma ni nyumbani, na humo tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, tangu baba yake alipohamishia masanduku yake kwa mke mwingine.

Ugomvi ulikuwa wa nguo. Yeye na wenzake watano, wote wasusi wa saluni moja, walipanga likizo ya siku nne kisiwani, kule vijana wanakokwenda kucheza muziki mchana kutwa juu ya mchanga. Siku nne, sare nne. Nyeupe, chungwa, kijani, nyeusi. Wote sita wavae sawasawa, wafunge vilemba vya rangi moja, wasimame mstari, wageuke, wapigwe picha ya mgongo.

"Mgongo kwa nini?" nilimuuliza. "Nyuso zimeibiwa?"

"Mama, uso kila mtu anao. Siku hizi picha ni mgongo na kamba zake."

"Haya, na ile nyeupe mtaivaa tena lini?"

"Haivaliwi tena. Ikishapigwa picha imekufa hiyo."

Basi nikashona nguo ishirini na nne za kufa siku moja. Mgongo wazi, kamba tatu, na chini zinakomea pale ambapo mwenye kuketi lazima aanze kuvuta. Nikaahidi kwa mdomo wangu kwamba zote zitalingana.

Nikadanganya. Nne za kwake nilizikata ndefu kuliko za wenzake, vidole vinne kamili. Kipande cheupe cha akiba nilichobakiza nilikimalizia hapo. Nilitaka miguu yake isitirike kidogo, na nilitaka nikiona picha nijue wangu ni yupi.

Asubuhi ya safari akaijaribu nyeupe mbele ya kioo, akaona imezidi za wenzake. Mnajua yaliyofuata. Nikachukua ufunguo.

"Ukivuka kizingiti hiki, siku ukirudi utabisha hodi kama mteja."

"Kama mteja?"

"Kama mteja."

Akanitazama. Hakulia, hakujibu kwa ukali. Alisema tu, "Sawa, fundi."

Fundi. Mimi niliyemzaa.

Akavuka.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nilikaa kwenye cherehani na kazi ya haraka, sare nyeupe ishirini za wauguzi, matroni wao anakuja kuzichukua Jumamosi saa kumi. Nikajisemea, afadhali kazi, kazi hainijibu.

Saa sita mchana simu ikalia. Simu yangu ni ile ya vitufe, kioo kidogo kama kipande cha sabuni, lakini neno linasomeka. Mwanangu.

Nikaitazama inavyotetemeka juu ya meza, inasogea kidogo kidogo kuelekea kwenye mkasi.

"Aonje," nikasema. "Aonje kupiga asipokelewe."

Ikakata. Ikalia tena. Nikaigeuza kifudifudi. Ikakata, na haikulia tena.

Ndugu msomaji, wewe unayesoma umeegemea mto wako, usiniulize moyo ulikuwa wapi. Ulikuwepo. Ulikuwa umenuna.

Saa saba akaingia jirani yangu Mama Pacha, anayeuza vifungo na nyuzi duka la tatu kutoka kwangu. Yeye ndiye mwenye simu ya kioo kikubwa. Hata salamu hakumaliza.

"Wameshaweka picha! Njoo uone. Tazama hawa watano, kama wametolewa kwenye tanuri moja!"

Nikafuta mikono, nikaishika ile simu kama mtu anayeshika yai. Bahari nyuma, muziki hausikiki lakini unaonekana, na migongo imejipanga mstari. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Nikapitisha macho chini, kwenye pindo. Wa mwisho kulia, nguo yake ilishuka kuliko za wenzake. Vidole vinne.

"Wangu ni huyu."

"Umemjuaje, na wote wametupa visogo?"

"Namjua kwa mkono wangu."

Mama Pacha akacheka, akanipiga bega. "Wewe mwanamke ni mchawi wa sindano!"

Na mimi nikacheka. Nilivimba kichwa, sifichi. Nikajiambia, kumbe kavaa nilichomshonea, na yuko katikati ya wenzake, ana raha zake. Ile simu ya saa sita ilikuwa ya kunisuta tu.

Saa kumi na moja hivi mlango ukabishwa. Mara tatu, polepole.

Sasa nielewe. Binti yangu hajawahi kubisha mlango ule tangu ajue kutembea. Huwa anaingia huku anaongea, sentensi ameianzia barabarani. Kwa hiyo aliyebisha alikuwa mteja, na mimi sikuwa nikipokea wateja hadi sare ziishe. Chini ya dirisha, kwa nje, nina kapu kubwa lenye mfuniko. Anayenikuta nina kazi anaweka nguo yake humo, anaibania karatasi kwa pini.

Sikunyanyua hata kichwa. Mguu juu ya kanyagio, nikapaza sauti.

"Weka kapuni! Andika unachotaka na namba ya simu!"

Nikaona kivuli chini ya mlango. Kilisimama muda mrefu, mrefu kuliko mtu anayesoma tangazo. Kisha nikasikia mfuniko wa kapu ukifunguliwa, ukafungwa. Kivuli kikaondoka.

"Huyu ana adabu," nikasema peke yangu. "Wengine hubishana na mlango."

Alhamisi nikapika chai ya vikombe viwili. Nilimimina vyote kabla sijakumbuka. Nikanywa kimoja, cha pili nikakifunika kisahani, kikapoa hivyohivyo hadi kikaweka utando.

Nikapiga namba yake. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani.

"Kisiwani mtandao ni wa kubahatisha," alisema Mama Pacha. "Na vijana hao chaji yote wanaimalizia kwenye picha. Hebu ona, leo chungwa!"

Nikatafuta pindo. Lilikuwepo. Nikashusha pumzi.

Ijumaa ikawa kijani. Pindo lilikuwepo. Na kwa sababu lilikuwepo sikuhangaika tena na simu.

Lakini nyumba ilikuwa kimya cha kuumiza masikio. Kandambili zake zilikuwa mlangoni, moja imeegemea nyingine. Nina sanamu la kupimia nguo, halina kichwa wala mikono. Nilijikuta nimelivalisha fulana yake ya kulalia, halafu nikawa naliambia mambo. Nikaliambia matroni ameongezeka kiuno. Nikaliambia mchuzi umekolea chumvi. Mchana ule nikaliuliza, "Umekula?" Nikatulia kidogo kana kwamba litajibu, kisha nikaona aibu, nikalivua fulana.

Mama mwenzangu, ukishaanza kuliuliza sanamu kama limekula, inuka umtafute mtoto wako. Mimi sikuinuka.

Jumamosi nikaamka na roho nyeupe. Leo wanarudi. Sare ishirini zilikuwa tayari, zimepigwa pasi, rundo limenyooka kama ukuta. Nikaufunga ufunguo wake kwenye pindo la kanga yangu. Nilipanga nimpe palepale gatini, mbele ya wenzake, nimwambie, shika nyumba yako. Maneno hayo niliyafanyia mazoezi njia nzima.

Saa mbili asubuhi nikafunga mlango kwa kufuli, nikaenda. Boti inafika saa sita, najua. Lakini nilitaka kuwa wa kwanza.

Ilipofika, imechelewa saa nzima, wakaanza kushuka. Jamani, vijana wa sasa! Wavulana wamevaa mashati ya maua, vifungo vyote wazi. Wasichana wana miwani midogo isiyoziba hata nyusi, kofia pana kama ungo, cheni miguuni, nywele za waridi na buluu. Kila kundi na rangi yake, kama timu za mpira. Wamechoka, sauti zimekauka, mchanga umewaganda hadi masikioni, lakini wanashuka kwa mapozi kana kwamba ngazi yenyewe inapiga picha.

Kisha nikaona nyeusi. Migongo mitatu, kamba tatutatu. Wa nne. Na mmoja nyuma yao ameinama kufunga kiatu, amenipa kisogo, kilemba cheusi kichwani. Pindo limeshuka vidole vinne.

Sikungoja. Nilipenya watu kwa viwiko, nikamkumbatia kwa nyuma, uso wangu nikauzika kwenye bega lake.

"Mwanangu! Nisamehe mama yako. Shika ufunguo wako."

Akageuka.

Hakuwa mwanangu.

Alikuwa yule mwenzao mpole, wanayemwita Mnyamavu. Mwili wake na wa binti yangu ni vipimo vilevile, nilivipima mwenyewe, kifua, kiuno, urefu wa mgongo. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Mbona umevaa nguo ya mwanangu?"

Akawatazama wenzake. Mwenye kundi lao ni msichana mrefu, jina lake la utani ni Kamera, kwa kuwa yeye ndiye anayepanga nani asimame wapi. Kamera akavua miwani.

"Mama, walibadilishana. Hukohuko kwenye boti wakati wa kwenda."

"Ile fupi mimi ilinitia aibu," alisema Mnyamavu, "na yeye alitaka kufanana na wenzake. Tukabadilishana zote nne."

"Sawa. Na yeye yuko wapi? Ameshuka? Sijamwona."

Kamera akaanza kupangusa miwani yake. Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho sikukifanya kwa siku nne. Nilihesabu. Kamera mmoja, Mnyamavu wawili, watatu, wanne, watano.

Watano. Mama Pacha alisema watano tangu picha ya kwanza. Mimi nilitafuta pindo langu tu, nikaacha kutafuta mtoto.

"Mama, tulia kwanza," Kamera akaanza.

"Usinitulize. Sema."

"Siku ya kwanza tulisimama mstari tupige picha. Kila nikihesabu, moja, mbili, yeye anavuta nguo chini. Nikamwambia, shoga, acha kuvuta, unatuharibia. Akavuta tena. Kundi la pembeni likaanza kumpigia makofi kila anapovuta."

"Mkamcheka."

"Kila mtu alicheka, mama. Hata yeye alicheka. Halafu akatoka kwenye mstari, akamwomba huyu amrudishie nguo zake."

Nikamgeukia Mnyamavu. Alikuwa anasokota kamba ya nguo kidoleni.

"Nilikataa," akasema taratibu. "Nilikuwa nimeshaona raha yake, mama. Unatembea huna habari."

Sikujua nimshike mkono au nimzabe kibao. Sikufanya lolote.

"Akasema, basi narudi kwa mama aniongeze vidole vinne," Kamera akaendelea. "Akakupigia. Hukupokea. Akapiga tena. Akabeba begi lake akapanda boti ya saa nane. Wakati anapanda, simu ikamponyoka majini, tukaiona inazama."

"Saa nane ya lini?"

"Jumatano."

"Jumatano hii?"

Kamera akaniangalia, na lile pozi lote likamtoka, akawa mtoto tu wa watu.

"Mama," akasema, "kwani hajafika nyumbani?"

Sijui nilirudi vipi. Nakumbuka nilitembea, na miguu ilikuwa inahesabu yenyewe. Boti ya saa nane inafika gatini saa kumi. Kutoka gatini hadi kwangu kwa mguu ni saa nzima. Saa kumi na moja. Mara tatu, polepole.

Utabisha hodi kama mteja.

Nilifika saa nane na nusu. Mlango sikuufungua. Nilipiga magoti barabarani mbele ya kapu, nikaanza kutoa vitu na kuvirusha. Suruali yenye zipu mbovu. Pazia. Gauni la mtu la kupunguza. Sketi ya shule. Vyote vimewekwa juu yake siku zilizofuata, na chini kabisa, cha siku ya kwanza, kulikuwa na kitu cheupe kimekunjwa mara nne, kamba zimeingizwa ndani. Mkunjo ule nilimfundisha mimi.

Karatasi imebanwa kwa pini. Mwandiko wake.

"Jina: Mteja. Kazi: kuongeza vidole vinne chini, kama zile nyingine. Siku: nitapita mwenyewe Jumamosi asubuhi. Isipokuwa tayari nitaelewa."

Na namba ya simu nisiyoijua.

Jumamosi asubuhi. Jumamosi asubuhi mimi nilikuwa gatini, nimefunga kufuli, nafanya mazoezi ya maneno.

Nikabonyeza zile namba nikikosea na kuanza upya. Akapokea mwanamke, sauti ya mtu mzima, kavu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ni mama yake."

"Mimi nimeambiwa fundi." Akakohoa. "Nilikutana naye kwenye boti, amelowa hadi viwiko, anatafuta simu kwa macho ndani ya maji. Yuko kwangu tangu Jumatano. Hii simu kila ikilia anainuka. Siku ya nne leo hii anainuka na kukaa."

Nikaushika mlango.

"Asubuhi alikuja huko akakuta kufuli," akaendelea. "Nimemwambia fundi huenda ana dharura, akasema hapana, ameelewa. Mimi leo jioni narudi kwetu, mbali huko, dada yangu ana saluni anatafuta msusi. Huyu anasema atakwenda na mimi. Ila mimi pia ni mzazi, sitaki kumbeba mtoto wa mtu bila kuuliza. Kwa hiyo nijibu kitu kimoja tu. Nguo umeshairefusha?"

Ilikuwa mkononi mwangu. Fupi vilevile, pini imeng'ang'ania.

Ningeweza kusema ukweli. Ningeweza kusema, mpe simu nimlilie. Neno moja la kweli, ndugu zangu, halihitaji hata uzi wa kushona.

"Ndiyo," nikasema. "Iko tayari."

"Haya. Basi nitamleta saa kumi. Akiiona, mengine mtajua wenyewe."

Akakata.

Nikafungua kufuli, nikaingia, nikaitandaza ile nguo mezani. Nikageuza pindo nitafute akiba ya kushusha. Hakuna. Niliikata mwenyewe bila akiba, ili isiweze kurefushwa na mtu, ya mwanangu ibaki ndefu peke yake. Na kitambaa cheupe? Kipande cha mwisho nilikimalizia kwenye nguo ambayo sasa anayo Mnyamavu, au ameshaitupa, maana imekufa hiyo.

Duka la vitambaa Jumamosi linafungwa saa saba.

Humo ndani cheupe kilikuwa kimoja tu. Rundo la sare.

Nikaweka nguo ya mwanangu kando ya sare moja. Weupe wa sare una ubuluu kidogo, weupe wa ile nguo ni wa maziwa. Fundi ataona. Mtu mwingine hataona. Na binti yangu amekua chini ya meza hii, ataona. Lakini hata hivyo nilijiambia ataona pindo kwanza.

Sare ya juu kabisa ilikuwa ya matroni mwenyewe. Mwanamke mpana, anapenda pindo zito, na mimi nilimkunjia vizuri kwa chini. Nikapima. Vidole vinne.

Naye anakuja saa kumi hiyohiyo.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika tano. Miaka ishirini na mbili nashona, sijawahi kukata nguo ya mteja iliyokamilika. Nikachukua mkasi, nikausafisha kwa upindo wa kanga, pale ulipofungwa ufunguo. Nikakata.

Nilikuwa nimefika katikati, pindo la matroni limening'inia kama ulimi, niliposikia mlango.

Mara tatu, polepole.

Saa kumi haijafika. Ama matroni amewahi, ama ni yeye.

Mkasi mkono huu, sare iliyokatwa nusu mkono ule, nikainuka, na safari hii sikusema weka kapuni.